Kuhusu Tundu Mlilolisahau Chini ya Bwawa

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Maji na Mabwawa,

Mwanangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini barua haiwezi kusimama mlangoni ikisubiri, kwa hiyo naitikia kabisa ili tuingie kwenye jambo.

Mimi ni bibi wa nyumba ya kwanza chini ya tuta la lile bwawa la udongo mlilotujengea la kuzuia mafuriko. Nyumba yenye bati jekundu na bata mlangoni. Wewe hunijui, ila watu wako wananijua sana, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Shule niliiacha mapema kwa sababu mwalimu alikuwa hanielewi, kusoma nikajifunza ukubwani nilipokuwa na akili zangu. Ukikuta herufi imelala, iinue uendelee.

Usimpe karani wako aitie kwenye faili. Ofisini kwenu nimefika, mafaili nimeyaona, mengine yamelala pale tangu karani ana nywele. Isome wewe, umeketi, chai umeshamaliza.

Malalamiko nimeyapa namba. Bi Mabuti, yule mhandisi wa kike uliyemtuma huku, aliniambia ofisi haishughulikii lalamiko lisilo na namba. Basi namba hizi hapa.

Lalamiko la kwanza: mlijenga bwawa mkasahau tundu.

Sikulaumu wewe, pengine siku hiyo hukuwepo. Mimi nilikuwepo. Kiangazi chote nilikaa kibarazani nikiwatazama mafundi. Wanaleta udongo, wanaumwaga, wanaurushia maji kidogo, wanaupitishia gurudumu la chuma, wanaleta mwingine, kama mtu anayekanda unga kwa wageni wa heshima. Nikasema moyoni, hawa wamelelewa. Tuta likapanda likashinda paa langu, likaziba korongo lote kutoka kilima hiki hadi kile. Pembeni wakachimba mfereji mpana wa saruji, wakasema huo ni wa maji ya ziada kutorokea. Halafu, baada ya kazi nzuri yote hiyo, chini kabisa katikati ya tuta wakaacha bomba la zege limekaa wazi huku na huku. Kondoo mnene anapita bila kuinama.

Nilimwendea msimamizi wao kwa adabu. Nikamwambia, baba, mmesahau kitu huku chini. Akacheka mpaka nikaona magego. Akasema, Bibi, hilo halijasahauliwa, hilo ndilo bwawa lenyewe. Nikamwacha. Mwanamume akikosea mbele ya vijana wake hawezi kukiri palepale. Niliishi na mmoja, najua dalili.

Ikawa hivyo. Mvua ikinyesha maji yanateremka kwa kishindo, yanapanda tutani, yanachungulia, kisha yanajipenyeza tunduni polepole na kwenda zake, kama mgeni anayekataa kuketi. Kesho yake ni matope na vyura. Na wakati huohuo lile bomba la maji ya kunywa mlilotuwekea uani linakohoa asubuhi, linapiga chafya jioni, tone halitoi. Mke wa mwanangu anabeba ndoo anakwenda kisimani ng'ambo ya korongo, ndoo juu, mimba mbele. Akirudi analalamikia mgongo, na akilalamikia mgongo anayesikiliza ni mimi, maana mwanangu yuko safarini na kazi yake ya magari.

Sisi tumekua tukiambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta mlikuwa mmeshajenga. Nikaona kilichobaki ni kuziba.

Nikatoa godoro la marehemu mume wangu. Lilikuwa zima, isipokuwa upande wake ulikuwa umebonyea umbo lake kamili, na mimi tangu afariki nimekuwa nikiporomokea humo kila nikigeuka. Nikalikunja, nikalifunga kamba, nikalisukuma tunduni upande wa juu, nikaongeza magunia ya majani makavu, nikashindilia kwa mchi mpaka mchi wenyewe ukasema basi. Mvua iliyofuata maji yalikuja, yakafika, yakaketi.

Mheshimiwa, ungeyaona. Bata wangu, watu wazima wale, walijifunza kuogelea uzeeni. Mboga zikawa za kijani mpaka zikaanza kujivuna. Mkwe wangu akawa anafua kila siku, hata nguo safi, kwa raha tu ya kuona maji yako karibu. Fundi baiskeli wa jirani, ambaye hajanisifu tangu nilipomwambia redio yake ina kelele kuliko mkewe, alisimama juu ya tuta, mikono kiunoni, akasema, mama, hapa umefanya kazi ya serikali.

Na godoro halikuvuja hata tone. Naomba hilo liandikwe mahali.

Lalamiko la pili: mmechukua godoro langu na kuniaibisha mbele ya mkwe.

Walikuja watu watatu na gari. Bi Mabuti, kijana mmoja anayevaa kofia ngumu ya njano hata akiwa ndani ya nyumba, huyo namwita Kofia, na dereva, ambaye hakushuka. Wakazunguka tuta, wakainama, wakanong'onezana. Bi Mabuti akauliza kwa sauti, nani ameziba hapa. Nikajitokeza nikifuta mikono, tayari kwa shukrani. Nilikuwa nimeshapanga hata cha kujibu. Nilitaka kusema, si kitu, ni wajibu wa kila mwananchi.

Nilifokewa, mwanangu. Nilifokewa na mtoto ambaye nepi zake labda bado ziko mahali zimeanikwa, mkwe wangu akiwa amesimama pale na beseni, anasikiliza kwa masikio mawili na la tatu la akiba. Bi Mabuti akasema ningeweza kuua watu. Nikamwuliza, kwa godoro? Akasema ndiyo, Bibi, kwa godoro. Mkwe wangu akakohoa. Hakuwa na kikohozi.

Akanieleza sababu, nami nakuandikia vilevile ili ujue yanayosemwa kwa jina la ofisi yako. Alisema bwawa hili si la kuweka maji, ni la kuyachelewesha. Mvua kubwa ikija yote kwa pamoja, tuta linayazuia, tundu linayaachia kidogo kidogo, nyumba za chini zinapona. Kwa hiyo bwawa linafanya kazi likiwa tupu. Likiwa limejaa tayari, mvua kubwa haina pa kukaa, itapanda juu ya tuta imwagikie upande wa pili, na tuta la udongo likimwagikiwa hivyo linayeyuka kama sukari.

Linafanya kazi likiwa tupu. Hebu lirudie neno hilo taratibu, mlango ukiwa umefungwa, watu wasikusikie. Mimi nina mtungi uani. Ukiwa mtupu, mkwe wangu hawezi kuja kuniambia, mama, mtungi uko kazini. Marehemu mume wangu alikuwa akilala kibarazani mchana kutwa, lakini hata yeye, na ulimi wake ule, hakuwahi kudai kwamba hiyo ndiyo kazi na kwamba akiamka ataharibu.

Basi Kofia akaleta mnyororo wenye ndoana, wakaukaza kwenye gari, dereva akavuta bila kushuka. Godoro lilitoka na sauti ambayo siwezi kuiandika kwenye barua ya ofisi. Maji yakaondoka. Kulipokucha bata walikuwa wamesimama katikati ya tope wanatazamana, kama abiria walioambiwa gari halifiki. Mmoja mpaka leo anakaa kwenye beseni. Ukimtoa anarudi.

Na godoro mkaondoka nalo, eti ni ushahidi. Ushahidi wa nini? Wa kulala?

Lalamiko la tatu: mmeniita hatari.

Hazikupita siku nyingi Kofia akarudi na bango, akalichimbia mbele ya nyumba yangu, karibu na mlango kuliko hata banda la kuku. Herufi nyekundu: BWAWA LA HATARI KUBWA. Nikamwuliza, limefanya nini? Limepasuka? Akasema hapana. Linavuja? Hapana, Bibi, tuta ni zima kabisa. Sasa hatari iko wapi? Akajikuna chini ya kofia. Akasema daraja hilo la hatari halitazami ubaya wa bwawa, linatazama walio chini yake. Kama chini kungekuwa pori tupu, bwawa hilohilo, tuta hilohilo, lingeitwa la hatari ndogo. Limekuwa la hatari kubwa kwa sababu kuna nyumba. Nikamwuliza, nyumba ipi? Akatazama viatu vyake. Akasema, ya kwanza hasa.

Basi nimeelewa. Hatari ni mimi. Bwawa limelala pale halina kosa na mtu. Likiamka asubuhi linaniona nafagia uwanja, linakuwa hatari kubwa. Nikienda kumsalimia dada yangu nyuma ya kilima, linatulia. Nikirudi, linapanda daraja.

Mwanangu, katika nyumba hii niliingia nikiwa bibi arusi. Bwawa limekuja juzi. Nani kamkuta mwenzake? Huwezi kuja na mbwa wako ukamfunga mlangoni kwangu, halafu ukaandika ukutani kwamba mbwa amekuwa mkali kwa sababu mwenye nyumba ana miguu.

Na ubaya haukuishia hapo. Mkwe wangu amelichukua neno hilo akalipeleka kisimani. Wanawake wakimwuliza, mama mkwe hajambo? anawajibu, msinisemeshe mwenzenu, hata serikali imeweka bango. Nami siwezi kukanusha. Bango lipo, na limesimama wima.

Lalamiko la nne: kazi mlizonipa zinagombana zenyewe kwa zenyewe.

Bi Mabuti aliagiza majani ya tutani yakae mafupi ili ufa ukitokea uonekane. Vizuri. Nina mbuzi. Hapohapo akaagiza mbuzi wasipande tutani, kwa sababu kwato zinachimba vijia na maji hupenda vijia. Nikamwuliza, nani atakata? Akasema italetwa mashine. Mheshimiwa, mashine hiyo ina ndugu? Kama wapo tuwaulize, maana huku hatujaiona. Majani yamefika kifuani. Kofia aliingia humo juzi kukagua nyufa, sisi wa chini tukaona kofia ya njano inatembea peke yake juu ya majani, mtu hakuna. Mkwe wangu alisema, afadhali hivyo.

Mipapai yangu iliyokuwa imeshika vizuri juu ya tuta imekatwa, eti mizizi inatoboa udongo. Banda la mbuzi nililolijenga kwenye ule mfereji wa saruji wa pembeni, mahali pakavu, pana sakafu tayari, hapajapita maji tangu pajengwe, naambiwa nilibomoe ili maji yapate pa kutorokea siku yakija. Siku yakija. Mbuzi wapo leo.

Sasa sikiliza. Baada ya kuninyang'anya hayo yote akanishika bega, akalainisha sauti, akasema, Bibi, kwa kuwa wewe ndiye uliye karibu, tunaomba uwe macho yetu. Kila ikinyesha nitembee chini ya tuta. Niangalie ufa, niangalie mashimo ya panya, niangalie kama kuna maji yanayochuruzika upande wa nje. Yakichuruzika safi nitoe taarifa. Yakichuruzika yenye matope nisitoe taarifa, nikimbie kwanza na kupiga mbiu, kwa maana hayo matope ndiyo tuta lenyewe linaondoka kutoka ndani.

Kwa hiyo hatari ni mimi, na mlinzi wa kuilinda hatari ni mimi. Nikijikamata nijipeleke wapi? Hata hivyo, mimi si mtu wa kukataa kazi. Shimo la panya nililiona, nikatoa taarifa kama nilivyoagizwa. Ofisi yako ikajibu, tena haraka kuliko ilivyowahi kujibu habari za bomba, ikitaka kujua ni panya wa aina gani. Nilikaa pale nimsubiri atoke nimwulize. Hakutoka. Na angetoka nisingemwuliza, ningempiga.

Lalamiko la tano: king'ora chenu hakina haya, na simu yenu si yenu.

Nguzo ya king'ora mmeisimika nyuma ya bafu langu. Siku ya majaribio hamkuitangaza, mkasema mnataka kuona watu watafanya nini. Mliona. Mimi nilikuwa naoga, sabuni imejaa usoni, kikalia. Agizo lilisema, kikilia acha kila ulichonacho upande shuleni juu ya kilima. Nami nikaacha kila nilichokuwa nacho. Nilifika shuleni wa kwanza, taulo moja, tena lile dogo, na kopo la kuogea mkononi. Kofia alikuwa amesimama pale uwanjani na saa yake. Akatangaza mbele ya shule nzima kwamba laiti kila mwananchi angekuwa kama bibi huyu. Darasa la kwanza likapiga makofi. Mwalimu mkuu mpaka leo akinisalimia anatazama paa.

Mkwe wangu hakukimbia. Alibaki nyumbani akanipelekea nguo baadaye, akitembea, anakula papai. Nikamwuliza kama ingekuwa kweli je? Akasema, mama, ningekusikia wewe kwanza.

Tena ule mshale wa kuonyesha njia ya kukimbilia mmeuelekeza uvuke korongo. Korongo hilohilo la maji. Yaani mafuriko yakija tuyakimbie kwa kuyafuata, tukutane nayo katikati tusalimiane, kila mmoja aendelee na safari yake.

Na ile namba ya simu kwenye bango, PIGA UKIONA DALILI YOYOTE, inapokewa na mama muuza vitambaa wa mji ambao hatuujui. Ni mama mwema. Nimempigia kuhusu panya, nimempigia kuhusu majani, kuhusu mshale nimempigia mara mbili. Ananisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo ofisi yako haijawahi kufanya, na amenishauri nikipata gauni jipya lisiwe la maua makubwa.

Lalamiko la sita, nalo ndilo ombi.

Nimekaa nikayapanga maneno yenu, sikuongeza langu hata moja. Mmesema bwawa linatakiwa liwe tupu siku zote. Mmesema hatari iko chini ya tuta, siyo upande wa ndani. Mmesema chini kukikosa mtu, hatari inashuka daraja. Basi naomba nipewe kiwanja ndani ya bwawa.

Usicheke, mwanangu. Ndani humo pana nafasi, pametulia, udongo una rutuba, na ukuta wa upande mmoja mmeshajenga, nitaongeza iliyobaki. Nikihamia humo sitakuwa tena chini ya bwawa, kwa hiyo sitakuwa hatari kwa mtu yeyote. Bango mtaling'oa. Tundu litakuwa mlango wa mbuzi. Bata hawatahitaji kuelezwa tena kwa nini maji yameondoka, watakuwa wamehamia yalikokuwa. Na mkithubutu kuniambia, Bibi, huko hapakaliki kwa sababu patajaa maji, basi mtakuwa mmekiri kwamba bwawa linajaa. Na kama linajaa si tupu. Na kama si tupu halifanyi kazi. Na kama halifanyi kazi, nirudishieni godoro.

Nimelizungusha hilo kila upande na sioni pa kutokea. Nimemwuliza na fundi baiskeli, naye haoni.

Kama kiwanja kinashindikana, basi njooni mlizibe lile tundu kwa saruji, kazi ya kiume, tubaki na maji yetu. Sisi hatukuomba kuzuiliwa mafuriko, tuliomba maji. Wataalamu wamekuja na gari kuangalia maji yasiyokuwepo bwawani. Wa kuja kuangalia maji yasiyokuwepo bombani hajazaliwa. Mkwe wangu, pamoja na ulimi wake, amebeba mjukuu wangu wa kwanza, na bado anavuka korongo na ndoo kichwani, na njia ile inateleza. Kila akichelewa mimi nasimama mlangoni najifanya natafuta kuku. Hili sitamwambia yeye, ndiyo maana nakwambia wewe.

Nisipopata jibu kabla ya mvua kubwa nitaliziba mwenyewe, na safari hii nitaziba kama mtu aliyekwisha kufundishwa makosa yake.

Nimalizie hapa, wino una heshima yake. Nisalimie mama watoto na watoto, uwaambie wana bibi huku ambaye hawamjui. Msalimie karani, mwamshe, asilale. Msalimie mlinzi wa getini aliyenizuia kuingia kwa sababu sikuwa na miadi, mwambie nimemsamehe nusu. Msalimie Kofia, apumzishe kichwa. Bi Mabuti naye msalimie, mwambie sina kinyongo naye, ila siku nyingine akitaka kumfokea mtu mzima amwite pembeni, mbali na mkwe. Dereva simsalimii, hatujaonana.

Mimi mtiifu wako pale penye sababu ya kutii,

Bibi wa Nyumba ya Kwanza Chini ya Tuta

N.B. Barua hii ukiipata, anza kusoma hapa. Huko juu utarudi siku nyingine ukiwa na nafasi.

Tundu limezibwa. Nilikuwa nimeshaliziba kabla sijaanza kuandika. Nilisema, wakijibu vizuri nitalifungua, wakijibu vibaya watalikuta. Nimetumia godoro la mkwe wangu, ambaye alikuwa akilitafuta nami nikimsaidia kulitafuta, na ambaye sasa amejua, kwa sababu ameketi karibu yangu anasoma ninavyoandika.

Mvua imeanza jana na haijavuta pumzi. Maji yamepanda mpaka karibu na mgongo wa tuta. Tumejaribu kamba, tumejaribu mchi, tumemjaribu fundi baiskeli, akapiga mbizi, akarudi mikono mitupu. Tundu liko chini sana na godoro limevimba. Banda la mbuzi tumelibomoa kwa mikono yetu, na maji yameanza kutorokea mferejini kama Bi Mabuti alivyosema yatafanya, ila yanayoingia ni mengi kuliko yanayotoroka. Na leo asubuhi nimetembea chini ya tuta. Panachuruzika. Ni matope.

Nimempigia mama wa vitambaa. Amesikitika sana, lakini hana mnyororo.

King'ora nimekipiga mimi mwenyewe. Nyumba zote za chini tuko huku shuleni, tumezungukia nyuma ya kilima, mshale hatukuufuata. Nimewahesabu watu nikawahesabu tena. Mkwe wangu safari hii alikimbia, nilimshika mkono nikamwambia kimbia mwanangu, akakimbia. Amepewa kiti cha mwalimu, miguu ameiinua kwenye meza. Mimi niko kwenye kiti cha darasa la kwanza, magoti yamefika masikioni, lakini nimevaa.

Mwenye pikipiki ameambiwa akukabidhi mkononi, akizuiwa getini apige kelele. Mtume Bi Mabuti. Mtume na mnyororo. Na yule dereva, mwambie leo ashuke.

Lile tundu mlilijenga vizuri. Njooni mlifungue.